Nyumba Niliyomnunulia Mama Pwani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku niliyompeleka mama yangu kuiona nyumba niliyomnunulia kwenye mji mmoja mdogo wa pwani, hapa hapa Uingereza. Nilikuwa na umri kama wako na kichwa kigumu kama chako. Usikasirike. Wakati ule nilikuwa mjuzi wa kila kitu, na wewe naona unaelekea huko huko.

Nakuhadithia, ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu nimesikia unatafuta nyumba ya kuwahamishia wazazi wako, mbali na London, ambako bei bado zinashikika. Sikuzuii. Siku hizi hata chumba cha kulaza paka London ni cha matajiri. Nataka tu unisikilize kabla hujatia saini.

Sisi tulitoka Mombasa miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakishuka uwanja wa ndege kila wiki, pasi za Kiingereza mkononi na sweta zisizofaa kitu mwilini. Tulipanga vyumba viwili Hounslow, pembeni mwa London, juu ya duka la viatu: mimi, mke wangu Nasim, watoto wetu wawili, na mama. Mimi nilipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ndege, zamu ya usiku. Nasim alikuwa kiwandani mchana. Mama alibaki nyumbani.

Mama alikuwa mjane, magoti yakimsumbua, na Kiingereza hana. Lakini hakukaa peke yake hata wiki moja. Wanawake wa jamaati yetu, yaani watu wa msikiti wetu, wa Mombasa, wa Kampala, wa Unguja, walisikia kwamba Mama Firoz amefika, wakaanza kuja. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri walipanda zile ngazi, wanne, watano, siku nyingine wanane, na viatu vyao vikajaa ngazini mpaka mlango wa chini. Huyu kaleta dengu za kuchagua, huyu kaleta ufumaji, huyu barua ya mwanawe aliyeko Kanada. Mkubwa wao alikuwa Bi Zarina, ambaye sote tulimwita Masi, yaani mama mdogo, ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Masi alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na aliitumia hata kuomba sukari. Walicheka, wakateta, wakagombana kwa Kikachi, lugha ya wazee wetu kutoka India, na kupatana kwa Kiswahili. Na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta mwembamba, nimejifunika mto kichwani, najaribu kulala.

Kosa langu lilianzia hapo. Mtu asiyelala huwa na kisirani. Nikaanza kumwambia Nasim kwamba ngazi zinamuumiza mama, kwamba magoti yake yanataka nyumba ya chini, kwamba kulala chumba kimoja na watoto si heshima yake. Yote yalikuwa kweli, hakuna hata moja nililolitunga. Lakini nilichokuwa nakitaka mimi ni usingizi, na hilo sikumwambia mtu.

Mzungu mmoja kazini akanitajia mji ule. Sitakupa jina lake, maana mji haukunikosea. Ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa treni, na Waingereza wengi huenda kumalizia umri wao pale baada ya kustaafu. Nyumba zake nyingi hazina ghorofa, zina bustani, na benki ingeweza kumkopesha hata mpakia mizigo. Nikaenda peke yangu Jumamosi moja, nikaiona bahari, nikajisemea: mama amezaliwa Mombasa, sasa nitamrudishia bahari yake. Nilijiona mtoto mwema mpaka machozi yakanilengalenga. Nikainunua bila kumwuliza, eti nimfurahishe.

Siku niliyompeleka ilikuwa Jumapili. Alizunguka vyumba vyote, akafungua bomba la maji moto, akanishukuru, akaniombea dua. Kisha akatoka mbele ya nyumba, akasimama pale kwenye kijia, akatega sikio.

"Firoz," akasema, "watoto wa hapa wako wapi?"

"Wako shule, mama."

"Leo Jumapili."

Jibu nililipata baadaye. Shule ya mtaa ule ilikuwa imefungwa kwa kukosa wanafunzi. Kila mtu pale alikuwa ametoka mahali pengine akiwa tayari na mvi, na watoto wake wamebaki huko alikotoka. Barabara ya maduka ilikuwa na duka la dawa, la miwani, la vifaa vya wasiosikia, na ofisi mbili za mazishi. Mabenchi ya kutazamia bahari yalikuwa na vibao vya majina, na majina yote yalikuwa ya watu waliokwisha kufa. Mimi niliyapita haya yote bila kuyaona.

"Bahari ile pale, mama," nikamwonyesha.

"Naiona. Nzuri."

Nikaridhika, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda na nia ya kuridhika.

Usidhani nilikusudia kumtupa. Mpango ulikuwa mama atangulie, na sisi tufuate baada ya miezi mitatu, nikishapata kazi kule. Masi aliponiuliza nani atakaa naye, nilimjibu hivyo hivyo. Lakini mji wa wastaafu una kazi gani ya kumpa kijana? Nilizunguka kila mahali. Kazi zilizokuwepo ni za kuwaosha na kuwalisha wazee, na hizo zilikuwa zimejaa wanawake wa pale. Watoto nao wangesoma wapi? Miezi mitatu ikawa sita. Tulikwenda kila Jumapili, halafu Jumapili moja moja, halafu mwisho wa mwezi, tukiwa na gunia la mchele na dengu kama watu wanaopeleka chakula kwa mahabusu.

Majuma ya kwanza mama aliendeleza desturi yake. Ikifika alasiri aliuacha mlango wa mbele wazi, akapanga vikombe kwenye sinia, akakaa akingoja. Nyumbani kwetu mlango uliofungwa alasiri maana yake kuna mgonjwa au kuna ugomvi. Wapita njia waliangalia ndani, wakaongeza mwendo. Siku ya nne akaja polisi, kijana mwenye adabu, akamwonyesha kwa mikono kwamba afunge, wezi huwalenga wazee. Mama akamkaribisha chai. Yule kijana akatikisa kichwa, akamfungia mlango mwenyewe kwa nje.

Alipata rafiki mmoja tu, bibi wa Kiingereza wa nyumba ya pili aliyeitwa Edith, naye mjane. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walikuwa wakianika nguo siku zile zile, basi wakawa wanapitishiana vitu juu ya uzio: mama chapati, Edith jamu ya matunda ya bustani yake. Mama alinieleza habari za Edith kana kwamba wamezungumza mchana kutwa. Kisha siku za kuanika zikapita na kamba ya Edith haina kitu. Mama akadhani amesafiri kwa wanawe. Alikuja kujua ukweli pale watu wawili walipochomeka kibao cha "Inauzwa" kwenye bustani ya mwenzake, wakamwashiria kwamba amefariki.

Tulipokwenda Jumapili hiyo, alinikalisha chini.

"Jirani yangu amekufa, Firoz, na mimi nilikuwa hapa hapa, nachemsha chai yangu. Hata sahani ya chakula sikupeleka. Nimekuwa mtu gani mimi?"

"Hukujua, mama."

"Ndiyo nakwambia. Sikujua." Akanishika mkono. "Nirudishe kwa wenzangu."

Mimi, mpumbavu, nikamwuliza, "Na bahari, mama?"

"Bahari?" Alinitazama kama anayemtazama mgeni. "Mwanangu, mimi hata Mombasa bahari nilikuwa naipa mgongo. Kibaraza chetu kilitazama mtaani."

Nikaiweka nyumba sokoni kesho yake. Wakala akanionyesha dirisha lake limejaa picha za nyumba kama yetu. Kila mzee akifariki, watoto wake walioko miji mingine huuza. Wanunuzi ni wazee wengine, wachache, na wanachagua sana. Yetu ikakaa. Majira ya baridi yakaingia, yakatoka, nyumba iko pale pale na mama yuko ndani.

Hapa, mwanangu, nisikilize vizuri. Ningeweza kumrudisha siku ile ile. Nasim aliniambia, "Mlete tu, alale na watoto kama zamani, nyumba itauzwa yenyewe." Nikamjibu tungoje, tupate kwanza pa kukaa penye nafasi, tufanye mambo kwa mpango. Nilikuwa nimezoea usingizi wa mchana, nyumba kimya. Nikipiga simu namwuliza mama hali, ananiambia, "Sina neno." Nami namshukuru Mungu, nakata simu.

Majira ya baridi ya pili, muuza maziwa akaona chupa za jana bado ziko mlangoni. Akachungulia dirishani, akaita polisi. Mama alikuwa kwenye kiti chake chumba cha mbele, amekielekeza barabarani. Daktari akasema ni moyo, na kwamba hakuteseka. Sijui daktari alijuaje.

Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake. Katika mji mzima ule hapakuwa na hata mmoja wa kuifanya kazi hiyo. Nikampigia Masi, nikitaraji atakuja na wawili. Walikuja kumi na mmoja. Walipanda treni ya asubuhi kwenye barafu ile, wengine na fimbo zao, na sanda na kafuri, ndoo na sufuria za chakula cha wafiwa. Wakavua viatu, vikajaa kwenye kile kijia. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ikawa na watu. Mlango ukaachwa wazi, na hakuna polisi aliyekuja kuufunga.

Mimi nilisimama bustanini. Nilisikia maji yakimiminwa, na nilimsikia Masi akizungumza na mama kwa upole, kama desturi yetu ilivyo, "Geuka kidogo, dada yangu. Hivyo. Sasa mkono." Mama alizitamani sauti zile miaka miwili, na zilipomfikia alikuwa ndiye peke yake mle ndani asiyezisikia. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kusimama pale na kulijua hilo.

Walipomaliza, Masi akatoka, mikono bado imelowa. Nilidhani amekuja kunipa pole.

"Firoz," akasema, "zilikuwa kelele zetu, siyo?"

Sikuweza kumtazama.

"Ungetuambia tunyamaze, mwanangu. Tungenyamaza."

Alilisema taratibu, yeye ambaye hata salamu alikuwa akiipigia kelele. Kisha akajifuta mikono kwa mtandio wake. "Na sisi tumekosa. Treni hii ilikuwepo siku zote." Akarudi ndani kwa wenzake. Nikakaa chini kwenye majani yenye baridi, nikalia mpaka Nasim akaja kuniinua.

Makaburi yetu yako London, kwa hiyo tukampeleka London. Ndivyo alivyorudi kwa wenzake. Nyumba ikauzwa miezi michache baadaye, kwa mume na mke waliokwisha kustaafu, watu wema, wenye furaha. Waliniambia wamependa ile hewa ya bahari. Nilikuwa na la kuwaambia, lakini niliwapa funguo, nikaenda zangu kituo cha treni.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sina nyingine kubwa kuliko hii. Kabla hujapima vyumba na kuuliza bei, chukua likizo siku moja, ukae na mama yako tangu asubuhi mpaka jioni, uone nani anabisha hodi, nani anapiga simu, nani anamletea maneno ya mtaani. Hao ndio makao yake. Kuta na bustani utazipata popote, hao huwezi kuwahamisha pamoja naye. Mwulize anataka nini, na akikujibu "sina neno", kaa hapo hapo umwulize tena, maana wazee wetu hulitumia neno hilo kutuondolea mzigo. Usingoje mambo yakae sawa ndipo umrudishe. Mrudishe, halafu uyaweke sawa. Na kama shida ni yako wewe, umechoka, unataka nafasi, unataka kulala, sema hivyo kwa kinywa chako. Ningeona aibu jioni moja tu kulisema, wangenicheka, na Masi angepunguza sauti kidogo. Badala yake nimezeeka na aibu nyingine ambayo haiondoki.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Awajaalie wazazi wako majirani wa kujua siku hiyo hiyo wakiugua. Awaletee wageni wao wangali hai, na wewe akujaalie kuwafungulia mlango hata ukiwa na usingizi. Amin.