Kalamu Mbili na Kabati la Bwana Funguo

Pale idara ya maji, chumba cha pili kushoto, hakuna aliyemwita karani wa vipimo kwa jina lake. Alikuwa Kalamu Mbili, kwa kuwa alichomeka kalamu mbili kwenye nywele: moja ya kuandikia, ya pili ya kumnyima anayeazima. Shule yake iliishia kidato cha pili. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe kwenye simu iliyopasuka kioo, huku wenye vyeti vyao wakicheza karata kwenye kompyuta za ofisi.

Asubuhi hiyo alibakiwa na saa moja na nusu. Saa nne kamili wakubwa wangekaa kuamua kama kisima cha shule kifungwe. Watoto wa dada yake walikunywa hapo, na wiki nzima walikuwa wameshika matumbo. Vipimo vya miaka mitatu alikuwa navyo, namba elfu kumi na moja, lakini mkubwa gani atasoma namba elfu kumi na moja? Alitaka mchoro, mstari mmoja wa uchafu unaopanda mpaka mtu aone aibu. Kifurushi cha programu ya kuchorea hakikuwemo kwenye mashine.

Akaamuru kisakinishwe. Kompyuta ikajibu: huna ruhusa.

Mwenye ruhusa alikuwa fundi mkuu wa kompyuta, Bwana Funguo, aliyelinda nywila ya mashine zote kama jino la dhahabu.

"Jaza fomu, dada," alisema, macho kwenye kikombe. "Wiki mbili."

"Kikao ni saa nne, kaka."

"Basi wakae bila mchoro. Mbona zamani tulikaa?"

"Na maji mabovu tulikunywa."

"Karani ni karani, dada."

Kalamu Mbili akarudi kwenye kiti chake kinacholia. Akausoma upya ule ujumbe wa kukataliwa, polepole, kama barua ya shemeji mkorofi. Kumbe! Kompyuta haikukataa kifurushi, ilikataa mahali. Ilikuwa inakipeleka kwenye kabati la mashine nzima, lenye mwenyewe. Lakini folda yake yeye, anamoweka ripoti zake kila siku, nani kamzuia? Akaandika amri ileile, akaongeza neno dogo la kuiambia: weka kwangu. Mistari ikateremka mbio kwenye kioo. Ilipofika saa nne kasoro dakika kumi, mchoro ulikuwa unatoka kwenye printa, bado wa moto.

Bwana Funguo akamkuta hapohapo.

"Nani kakupa nywila?"

"Hakuna. Kabati lako halijaguswa, nenda kalikague."

"Nitakifuta hicho kifurushi chako."

"Folda ina jina langu, kaka. Ukitaka kufuta, jaza fomu. Wiki mbili."

Kikaoni mkurugenzi aliutazama ule mstari kwa muda, akauliza umechorwa na nani.

"Karani," akajibu Kalamu Mbili, kidevu juu.

Mchana huohuo kisima kilitiwa kufuli, na ufunguo akakabidhiwa yeye. Akauchomeka kwenye nywele, katikati ya kalamu zake, kisha akapita mbele ya mlango wa Bwana Funguo taratibu sana, akarudi, akapita tena.