Kanga Ndani ya Kofia ya Shaba

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaendelea, vuta pumzi ujaze kifua, kisha uitoe taratibu. Umeona mabega yanavyopanda na kushuka? Basi umeshaelewa nusu ya kazi niliyoifanya bandari ya Tanga miaka ya hamsini. Nusu iliyobaki si ngumu. Nitakwenda polepole, na ukipotea kosa ni langu.

Nilikuwa mzamiaji. Meli zilitia nanga katikati ya ghuba, matishari yakazipelekea marobota ya katani, nami nikishuka kuangalia minyororo ya maboya. Nilivaa vazi zima la turubai lililotiwa mpira, viatu vizito vya madini ya risasi, na kofia kubwa ya shaba yenye vioo, iliyokazwa mabegani kwa skrubu. Mwili wote ulibaki mkavu isipokuwa viganja. Hewa ilikuja kwa mpira mrefu kutoka mashuani, ambako watu wawili walizungusha pampu.

Hewa ile haikuwa ya kupumua tu. Ilijaa ndani ya vazi, na ndiyo iliyoamua ukae wapi. Ikipungua, maji yanakubana miguu na kifua kama mtu aliyekukalia, unazama mzito hadi topeni. Ikizidi, vazi linavimba na unapanda juu bila kutaka. Kwa hiyo upande wa kulia wa kofia palikuwa na kilango cha kutolea hewa. Chenyewe kiliachia kidogo kidogo. Ukikisukuma kwa kichwa, hapo juu ya sikio, kinaachia nyingi, viputo vinakwenda, unashuka. Siku nzima ni gusa, acha, gusa, acha. Mgeni wa kazi husubiri avimbe ndipo atoe. Aliyezoea hutoa kidogo kabla ya kuhitaji. Usijali kama hujalishika. Mimi lilinichukua miezi.

Kamba yangu ilishikwa na shemeji, kaka wa mke wangu. Alipenda kuniambia, "Nakuvuta kwa ajili ya dada yangu, si kwa uzuri wako."

Mwaka huo mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwao. Mama yake akaja kumchukua wakaenda Maramba, asirudi mpaka arobaini iishe. Nyumba yetu ya Usagara ikanyamaza. Nilirudi jioni nikakuta mbuzi ya kukunia nazi pale pale alipoiacha, nami sikutaka kuisogeza. Doti moja ya kanga tuligawana: kipande kimoja alikwenda nacho, kimoja akaniachia. Kilinukia udi na mafuta ya nazi. Habari ikaja kwa mtu wa basi kwamba amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikaanza kuhesabu siku za kumwona.

Zilipobaki siku nane, harufu ya kanga ilikuwa inakwisha, nami sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilishindwa kuiacha nyumbani. Nikaikunja nikajifunga kichwani, kisha nikavaa juu yake kofia ya sufu tuliyovaa ndani ya ile ya shaba. Niliificha kwa sababu ya shemeji. Mtu huwezi kukaa mbele ya kaka wa mkeo umejifunga kanga ya dada yake. Ni kutoa ya chumbani uwanjani.

Desturi ya shemeji ilikuwa kunipapasa kichwa kabla ya kunifunga kofia. Siku hiyo niliukwepa mkono wake.

"Funga upesi, shemeji, jua linanichoma."

"Leo una nini? Kichwa kikubwa kama cha bwana arusi."

"Sufu imeloa, imevimba."

"Afadhali iwe sufu. Nilidhani ni akili zimekuja."

Watu wa pampu wakacheka, kofia ikakazwa, nikashuka.

Pima sita chini, niliinama kwenye mnyororo, nikahisi ncha ya kanga inaniteremkia sikioni. Nikasukuma kilango kwa kichwa. Sikusikia viputo. Nikasukuma tena, kimya. Ile ncha ilikuwa imevutwa na hewa ikaziba kilango kama kizibo cha chupa, na juu pampu inazunguka. Vazi likaanza kuvimba. Kwanza mapaja, halafu kifua, halafu mikono ikaanza kujitanua yenyewe. Ikishatanuka kabisa huwezi kuirudisha, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kutanuka, mpaka unafyatuka juu kama kizibo. Na juu yangu palikuwa na tishari lenye chuma tupu chini.

Nilimwaza mtoto ambaye sikujua hata amefanana na nani. Viatu vilikuwa vimeshaachana na tope. Kabla mikono haijakakamaa nikaingiza kidole cha kushoto chini ya mpira unaobana kifundo cha mkono wa kulia, nikauinua mkono huo juu ya kichwa. Hewa ikatoka kwa kelele, maji baridi yakaingia hadi kwapani, na nikaacha kupanda. Nikavuta kamba mara nne: nitoe.

Mashuani shemeji alifungua kofia, akaona ile ncha inaning'inia. Akaivuta yote, akaitandaza magotini.

"Hii si ya dada yangu?"

"Ni yake." Nilitazama viatu vyangu.

"Na mimi Maramba ningekwenda kusema nini? Kwamba yeye mwenyewe amekukaba koo kwa kanga yake, akiwa kitandani na mtoto?"

Wa pampu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Akaikunja kanga, akaifunga kwenye nguzo ya pampu.

"Itakungoja hapa," akasema. "Ukiitaka, panda."

Ikakaa hapo siku zote nane. Nilipokuwa nikipanda, kitu cha kwanza kilichotokea kwenye kioo kilikuwa rangi yake nyekundu. Siku ya tisa nilimpokea mke wangu stendi ya basi, mtoto amefungwa kwenye kipande cha pili.

Sasa mke wangu hayupo, na shemeji alimtangulia. Kipande cha pili anacho binti yetu. Changu kimo sandukuni. Udi ulikwisha zamani, nami bado nakifungua kunusa. Nikikaa barazani na kumkumbuka, kifua hujaa, kichwa chenyewe hulalia upande wa kulia kutafuta kilango.

Ukija kuvaa vazi la kuzamia, hata haya mepesi ya siku hizi, mwambie anayekusaidia kila ulichovaa ndani, ujapoona haya. Mwache akupapase kichwa. Ukishafika chini, toa hewa kidogo, mapema, kabla mikono haijaanza kutanuka.