Arobaini kwa Mia

Juzi, kwenye dirisha la ofisi hapa Gisenyi, karani wa ghala la kahawa alikuwa akijaza fomu ya mtihani wa uchumi. Nafasi ya kufanya mtihani ilibaki moja, ya kupewa atakayetarajia alama za juu. Palipoulizwa anatarajia alama ngapi kwa mia, akaandika arobaini.

Mpokea fomu aliigonga karatasi kwa kalamu. "Bon, kupita ni hamsini. We mwenyewe unasema utaanguka?"

"Kitabu najua yote, bwana. Lakini mutu hawezi kujisifu."

Mimi niliyesimama kando yake kwenye foleni nilikereka, nikamwambia aandike themanini kama ndiyo kweli. Akainama, akakata, akaandika hamsini na moja.

Bwana wa nyuma yake, ambaye muda mfupi kabla alikuwa ameniuliza uchumi ni kitu gani, akaandika tisini. Akapewa nafasi.

Nimechoka kuona watu wetu wakirudi nyumbani na adabu tupu.