Kamba ya Kapitan

Yule dada wa duka la dawa huja hapa ufukweni Bauang, Ufilipino, kila Jumapili baada ya misa, na mbwa wake Kapitan, kwa sababu ya upele. Kwetu mbwa mwenye upele huogeshwa baharini, hata kama mwenye mbwa anashinda akiuza dawa. Lakini dada huyo hatulii, jamani! Kamba ya mbwa anaizungusha vidoleni mpaka vinakuwa vyeupe, anaikunjua, anaizungusha tena. Anaangalia simu, anaangalia barabarani, anarudia simu. Maji yakimfika vifundoni, anarudi nyuma. "Haraka, Kapitan, tunachelewa!" Na sisi tunaokaanga ndizi hapa hatujawahi kumwona akienda popote, ila mwisho wa ufuo na kurudi, mbwa akiburutwa kama mtoto anayepelekwa shule.

Jumapili iliyopita Kapitan aligoma. Alijilaza chini ya meza yetu, akafumba macho. Mama Pacing, mwenye kikaango, aliinama akampapasa mgongo na tumbo, manyoya yamejaa, hana hata kidonda. Akacheka. "We mwanangu, huyu kapona tangu Krismasi. Sasa mgonjwa ni nani hapa?" Tukacheka wote, tukingoja naye acheke. Dada alichuchumaa, akamfungua mbwa kamba shingoni, polepole, kana kwamba anaogopa kumwamsha. Kisha akaondoka kwa mwendo wake uleule, kamba tupu ikiburutika mchangani nyuma yake, na kabla hajafika mbali tulimsikia: "Haraka, tunachelewa!"