Kitako cha Ghaith

Sleyum alikuwa mtu wa kuamua mambo upesi. Gari hulinunua kwa kulizunguka mara moja, mke alimposa kwa kuisikia sauti yake tu, na miaka thelathini aliyofanya kazi wizarani hakuna faili lililolala mezani kwake. Lakini kitako cha bunduki kilimshinda. Mara nne alikwenda dukani kwa Hatem, fundi wa silaha pale Bawshar, Maskati, akavigeuzageuza vitako vya plastiki ngumu, kisha akanunua chupa ya mafuta ya kusafishia na kurudi nyumbani. Chupa nne alikuwa nazo, na bunduki yenyewe alikuwa hajaishika tangu ujana wake.

Ilikuwa bunduki ya kuwindia, ya marehemu baba yake. Siku hizi uwindaji umekatazwa, kwa hiyo silaha kama ile hutolewa Iddi na harusini, watu wakashindana shabaha. Hiyo haikutolewa. Ilikaa kabatini miaka thelathini na minane, mpaka bintiye Afra, aliyeingia timu ya shabaha, alipoiomba kwa mashindano ya mwezi ujao. Sleyum hakuweza kumnyima, maana Afra si mtoto wa kuombaomba. Ila alitia sharti: ule ubao wote unaobeba mtutu mpaka begani utoke kwanza, kiwekwe kitako kipya. Asingeweza kuliona shavu la mwanawe limelala pale lilipolala lake siku ile.

Siku ile ilikuwa Iddi Kubwa, na ilikuwa mwezi wa nane, wakati ambao Maskati hata nguo zilizokunjwa kabatini hushika unyevu. Walitoka mjini na bunduki wakaenda milimani kwa wajomba. Sleyum alikuwa na miaka kumi na tisa, hakosi, na alijijua kuwa hakosi. Desturi yao ilikuwa mtu mmoja akae karibu na shabaha, nyuma ya jiwe, apige kelele risasi ilipopigia. Wenye akili zao walikaa mbali. Ghaith, mdogo wake, alikaa kiasi cha mkono mmoja tu kushoto kwa shabaha, kwa kumringia kaka yake.

Risasi ya kwanza ilipotoka, Ghaith aliita, "Kushoto!"

Sleyum akacheka. Alidhani anataniwa, kwani lini yeye alipiga kushoto? Akapiga ya pili, na Ghaith alikuwa amechungulia.

Watu walisema ajali haina kinga, na mpaka leo wanasema. Maneno rahisi hayo, hayamchoshi msemaji. Sauti ya Ghaith ilimfuata Sleyum chooni, garini, ofisini, na zaidi kwenye sala. Kila alipomaliza na kutoa salamu, upande wa kulia alikuwa salama. Akigeuza uso upande wa pili, kabla hajatamka neno, aliisikia: Kushoto! Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na palikuwa na jambo la kahawa. Mama yake, Bi Nunu, aliishi naye nyumba moja pale Bawshar, na alimpenda kwa namna yake, lakini tangu msiba ule hakuwahi kupokea kikombe mkononi mwake. Kahawa alimiminiwa na Afra, au na mgeni, au alijimiminia mwenyewe kwa mkono unaotetemeka. Hakuna aliyelisema. Sleyum alijua, akaona ni haki yake.

Safari ya tano alikwenda na Afra, na Afra hakuwa na muda wa kununua mafuta.

"Hiki cheusi chepesi, lakini ndani kitupu," alisema Hatem akikigonga, kikalia. "Bunduki itampiga bega. Hiki cha rangi ya mchanga kizuri kwa macho tu. Chukua hiki cha kijivu, ami Sleyum. Ndani kina uti wa alumini, na pa kuwekea shavu panapanda na kushuka kwa skrubu. Wallahi, mvua, jua, unyevu, hakitikisiki."

Alimkunjisha Afra kiwiko, akapima mkono mpaka kidole cha kufyatulia, akaongeza kipande cha mpira nyuma ya kitako. Afra alikiweka begani, akalaza shavu, akatabasamu. "Hiki, baba."

Hatem akafungua skrubu, akauinua mtutu kutoka kwenye ubao wa zamani. Karatasi iliyokunjwa mara nne ikadondoka mezani.

"Kumbe ilishatibiwa," alisema. "Ona huku kulia. Ubao ulivimba kwa unyevu, ukausukuma mtutu. Basi risasi zote zilikuwa zinakwenda kushoto, hata angepiga nani. Mtu kaijua kasoro hiyo, kapiga msasa, kisha katia karatasi mtutu usicheze."

Sleyum aliikunjua. Ilikuwa jani la kalenda, ya zile za kuchana kila siku: Mfunguo Nne, tarehe ishirini na tatu. Siku tatu baada ya arubaini ya Ghaith. Bunduki wakati huo alikuwa nayo baba yake peke yake, na ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni mpaka kufa kwake.

Kwa hiyo alijua. Kwa miaka ishirini na moja iliyombakia, mzee yule alikaa na mwanawe sinia moja, akijua ubao ulikuwa na ila, na hakutamka. Sleyum alihisi hasira, hasira safi, ya kwanza katika maisha yake iliyokuwa na mtu wa kuelekea.

"Ubao huu niutupe?" aliuliza Hatem.

"Nipe," alisema Sleyum.

Bi Nunu alikuwa ukumbini, mbele yake sinia la tende na birika la kahawa. Sleyum aliuweka ubao mapajani mwa mama yake, na lile jani juu yake, akamweleza aliyoyasema fundi. Bi Nunu aliupapasa ubao taratibu, mpaka kidole chake kikafika pale palipopigwa msasa, kikasimama hapo.

"Baba yako alikuja kunambia usiku uleule alioupiga msasa," alisema. "Alitaka akwambie asubuhi. Mimi nlimzuia."

"Kwa nini, mama?"

"Nlikuwa nna kitu hapa kifuani, mwanangu, kinanichoma. Kumkasirikia Mungu siwezi. Ubao nao utaukasirikiaje? Nlitaka awepo mtu." Alilikunja lile jani. "Nlisema mwaka mmoja tu. Kisha nkaona haya."

Afra alikuwa amesimama mlangoni na bunduki yenye kitako kipya, hajui aingie au aondoke. Kiyoyozi kiliunguruma. Bi Nunu alichukua kikombe chake kitupu, akakinyoosha kwa mwanawe. Hakuurudisha mkono.

"Nimiminie, Sleyum."

Sleyum alikiangalia kikombe kile alichokingoja miaka thelathini na minane. Birika lilikuwa hapo hapo, kushoto kwake.

"Afra," alisema, "njoo mmiminie bibi yako kahawa."