Ukiwasha ya Tisa, ya Tatu Inakata

Nilipowasha kompyuta ya tisa, ya tatu ikakata.

Ya tatu ndiyo pekee iliyokuwa inawaka hadi hapo, na haikuzima. Kioo chake kilikuwa kinawaka vizuri. Ila karatasi ya mtihani wa majaribio iliyokuwa imefunguka pale ikaganda, na chini yake yakatokea maneno: mawasiliano yamepotea.

Nikainuka, nikaenda kwenye ya tatu, nikaiunganisha upya. Ikarudi.

Nyuma yangu, ya tisa ikakata.

Nikabaki katikati ya meza mbili kama mtu anayeitwa na mashangazi wawili kwa wakati mmoja. Nikaiendea ya tisa, ikarudi. Ya tatu ikaondoka. Nikasema ngoja niwashe ya kumi nione. Zikakata zote.



Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumatatu saa tatu, wanafunzi kumi na wanne wa chuo cha uuguzi walitakiwa kukaa mbele ya mashine hizo kufanya mtihani wao wa mwisho. Baraza la mitihani lilishaandika barua: mwaka huu ni kwa kompyuta tu, na asiyefanya siku hiyo atasubiri mwaka mzima.

Mlangoni alikuwa amesimama Mkuu wa chuo, mikono nyuma.

Pembeni yake alisimama dada yangu, karani wa mitihani. Yeye ndiye aliyenileta pale, na yeye ndiye aliyetia saini kwamba mashine ni nzima. Alikuwa ananitazama kwa macho yale aliyonitazama nayo tukiwa wadogo, siku niliyovunja birika la mama.

Nieleze kwanza zile kompyuta zilivyofika pale.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilikuwa mshonaji. Mteja mmoja aliniachia kompyuta mbovu akasema ataifuata, hakuifuata. Baada ya mwaka nikaifungua kama ninavyofungua cherehani, skrubu moja baada ya nyingine, nikizipanga kwenye kitambaa cheupe ili nisipoteze. Ndivyo nilivyoanza. Nafanya kazi polepole na kila ninachofanya nakiandika kwenye daftari. Watu wa mtaani wameniita Konokono, nami nimeitikia, kwa sababu kuna majina mabaya zaidi.

Chuo kilipewa kompyuta kumi na nne zilizotolewa kwenye ofisi fulani iliyofungwa. Kuukuu. Nyingine zilikuwa na vumbi nene kama sufi ya mto. Nilizisafisha, nikabadilisha betri za saa zao za ndani, nikahamisha vipande kutoka hii kwenda ile, mpaka zote zikawaka.

Kazi ngumu haikuwa hiyo. Kazi ngumu ilikuwa kuchagua mfumo wa kuziendesha.

Nilijaribu mitatu. Windows ya zamani, iliyokuwa ndani tangu mwanzo, ilikwenda vizuri, lakini walioitengeneza walishaacha kuihudumia na programu ya mtihani ilikataa kufunguka humo. Windows mpya ilifungua mtihani, ila mashine yenye kumbukumbu, yaani RAM, ya giga mbili ilihema kama mzee anayepanda ngazi na gunia. Dakika sita kuwaka. Sikuilaumu, maana imetengenezwa kwa mashine za leo. Wa tatu ulikuwa Linux, ule mwepesi. Sekunde arobaini na moja, na mtihani ukafunguka.

Nikaandika kwenye daftari: huu.

Mkuu hakuupenda. Aliuliza kama kuna ofisi yoyote ya maana inayoutumia, na kwa nini ni wa bure. Siku hiyo alikuwepo fundi mwingine wa mtaa, tunayemwita Chapchap kwa jinsi anavyomaliza mashine yako kabla hujamaliza kumweleza ugonjwa wake. Chapchap akacheka, akasema kitu cha bure kina sababu ya kuwa bure, na kwamba yeye ana Windows kwenye flashi, angeziwekea zote kabla ya chakula cha mchana.

Dada ndiye aliyenitetea. Alimwambia Mkuu kwamba mdogo wake hajawahi kutoa nguo yenye mshono wa uongo, na hata kwenye mashine hizo hataanza.

Kisha barua ya Baraza ikaja kwamba mtihani utafanyika wiki mbili kabla ya tarehe ya kwanza. Nikakaza mwendo. Nikamaliza.

Na sasa ukiwasha ya tisa, ya tatu inakata.

Mkuu aliniita pembeni. Alizungumza taratibu, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Nakupa mpaka saa nane," alisema. "Saa nane yule kijana anakuja na Windows yake. Sitawaweka watoto wa watu mbele ya kitu ambacho hata wewe hukielewi."

Watoto wenyewe wengi wao ni watu wazima, wana watoto wao. Lakini nilimwelewa.

Nikaanza na waya. Nilichomoa mmoja mmoja, nikajaribu, nikarudisha. Nyaya zote nzima. Nikabadilisha swichi inayogawa mtandao nikaweka nyingine. Mambo yaleyale. Nikahamisha ya tatu nikaiweka mahali pa ya tisa. Ikabeba tabia yake ikaenda nayo.

Kitu kimoja ndicho kilichokuwa kinanichanganya. Ukiwasha moja peke yake, ni nzima. Yoyote ile. Ukiwasha mbili, zinaanza kusukumana kama watu wawili kwenye kiti kimoja.

Saa sita dada akaja na habari. Alifunga mlango kwanza.

Aliniambia ameongea na mlinzi. Jana jioni, baada ya mimi kuondoka, Chapchap alikuja. Alimwomba mlinzi amfungulie chumba, akakaa ndani karibu nusu saa. Mlinzi alidhani ametumwa na Mkuu.

"Unasikia?" dada alisema. "Jana kaingia, leo zinakufa, saa nane anapewa kazi. Hapo unasubiri nini tena?"

Nikamwambia bado hatujui alifanya nini humu.

"Wewe utamwonea mwizi huruma mpaka akuombe umshikie ngazi."

Siwezi kudanganya. Moyo uliniwaka. Niliiona sura ya Chapchap anavyocheka, nikamwona kwa macho ya akili akiinama kwenye mashine zangu moja moja. 

Nikapekua. Kila mashine ina mahali inapoandika imewashwa lini na imefanya nini. Jana jioni iliwashwa moja tu, ya meza namba saba. Imefungua mtihani wa majaribio, imekaa dakika ishirini na tano, imezimwa vizuri. Nyingine zote hazikuguswa.

Nikamwonyesha dada. Akasema mtu mjanja hufuta nyayo.

Inawezekana. Ila mtu anayefuta nyayo huzifuta zote, haachi za meza moja.

Saa saba na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia Chapchap. Kabla ya muda.

Hakutoa flashi wala hakucheka. Alizunguka nyuma ya meza, akatazama vioo, akaniomba niwashe mbili. Nikawasha. Akatazama moja ikikata, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

Dada hakuvumilia. Alimuuliza jana alikuwa anatafuta nini humu ndani, na kama ana haya.

 Chapchap aligeuka kwangu.

"Fundi, ulizifungia mfumo moja moja, au uliifungia moja ukanakili diski?"



Siku zote nafunga moja moja. Kila mashine saa nzima na zaidi. Lakini barua ilipokuja siku zilikuwa zimekatwa, nikafunga moja, nikaihakikisha, nikaichapa nakala kwenye zile kumi na tatu. Na chumbani kwangu nina meza moja na kioo kimoja. Kwa hiyo nilizipima kwa zamu: naleta moja, naiunganisha, naiona nzima, naizima, naleta nyingine. Kumi na nne zote zilifaulu.

Sikuwahi kuwasha mbili kwa pamoja. Hata mara moja.

"Nilinakili," nikasema.

"Basi una watoto kumi na wanne na wote umewapa cheti kimoja cha kuzaliwa," alisema. "Ruta, kile kisanduku cha mtandao, inagawa namba mlangoni, kila mtu na yake. Ya tatu imeonyesha cheti, imepewa namba. Ya tisa inaonyesha cheti kilekile. Ruta inasema, aa, ni wewe tena, chukua namba yako. Sasa wawili wana namba moja. Nani atakaa?"

Nikafungua ya tatu nikalitafuta faili la utambulisho wake, ndilo cheti chenyewe. Ni faili dogo, mstari mmoja wa herufi na tarakimu thelathini na mbili. Nikaunakili mstari ule kwenye daftari kwa mkono. Nikaenda ya tisa nikafungua faili lilelile.

Herufi kwa herufi. Nikaenda ya kumi. Vilevile.

Nilikaa chini. Mwenda pole hajikwai, wanasema. Mimi nilikimbia siku moja tu, na siku hiyo ndiyo niliyojikwaa. Na tangu saa sita nilikuwa nimeshamhukumu mtu moyoni, hata kama mdomo ulinyamaza.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema yeye alishafanya hivyohivyo kwenye ofisi moja, mashine arobaini, na hakugundua kosa mpaka alipokuwa ameshafukuzwa. Alisema hivyo akitazama waya sakafuni.

Nikafuta cheti cha ya tisa, nikaiamuru itengeneze chake, nikaiwasha upya. Nikasubiri. Dada alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Ya tisa ikafungua mtihani. Ya tatu ikabaki palepale.

Dakika moja. Tano. Kumi. Hakuna iliyokata.

Saa nane kamili Mkuu akaingia. Dada alinikonyeza, nilijua maana yake. Nisiseme zaidi ya inavyohitajika, niseme hitilafu imepatikana, basi.

Nikamwambia Mkuu mfumo hauna kosa. Kosa ni langu. Nilinakili kwa haraka na sikuzipima pamoja.

 Mkuu akasema maneno niliyokuwa nayaogopa tangu asubuhi: kwamba anashukuru kwa ukweli, lakini imani imeshapungua, na Jumatatu si mbali. Akamgeukia Chapchap.

"Weka Windows. Zote. Anza sasa hivi."



Chapchap aliingiza mikono mfukoni.

"Siweki, Mkuu."

"Si ndicho ulichokuja kufanya?"

"Ndicho nilichosema nitafanya." Akavuta pumzi. "Mtahiniwa wa meza namba saba ni mke wangu. Jana nilikuja kuijaribu mashine atakayokalia. Nilisema nione huo mfumo wa bure utamtesaje. Nikamaliza mtihani mzima wa majaribio, nikafeli, lakini mashine haikukwama hata mara moja. Nikienda kuweka yangu humu, atakaa anaangalia kiduara kinazunguka wakati wenzake mahali pengine wanajibu swali la kumi."

Mkuu akamuuliza mbona amekuwa akiisifia Windows.

"Kwa sababu watu wanaiomba kwa jina," alisema. "Mteja akiomba kitu kwa jina, mimi si mzazi wake. Huyu sasa ni mke wangu."

Dada aliangalia pembeni. Nilidhani anatafuta la kumjibu, kumbe alikuwa anacheka na hataki aonekane.

 Mkuu akaniuliza naweza kumaliza lini. Nikamwambia kila mashine itapewa cheti chake, halafu kila moja itabeba mtihani mzima wa majaribio mpaka mwisho, zikiwa zimewashwa pamoja na zilizotangulia. Sitaruka hata moja. Akasema chumba kinafungwa saa kumi na mbili, na kesho Jumapili mlinzi atanifungulia saa moja asubuhi. Akatoka bila kuaga.

Hakusema amekubali. Ila hakumleta fundi mwingine.

Tulifanya kazi sisi wawili, Konokono na Chapchap. Alinisumbua njia nzima. Kila nilipoandika kwenye daftari aliniuliza kama natunga kitabu. Mara moja aliruka kipimo, nikamrudisha, akarudi akinung'unika. Sikumwambia nilichomdhania mchana. Nilikusudia kumwambia, mara mbili nikafungua mdomo. Bado ninalo deni hilo la maneno.

Ndugu msomaji, mchawi nilimtafuta nje wakati mikono yangu mwenyewe inanuka hirizi. Hilo ni moja.

La pili ni hili. Siku hizi mtu akiniletea kompyuta kuukuu akaniuliza aiwekee mfumo gani, simwambii upi ni bora. Namuuliza nani atakaa mbele yake, na atafanya nini. Nikiona bado anayumba, namuuliza fundi wake wa kwanza alimwekea mkewe upi.

Mlinzi alikuja na funguo saa kumi na mbili kasoro. Mashine tisa zilikuwa zinawaka pamoja, mtihani umefunguka katika zote, hakuna inayomsukuma mwenzake. Tano zilikuwa bado.

Nikazizima moja moja. Kwenye daftari nikaandika: kesho, anza na ya kumi. Halafu chini yake nikaongeza, kwa herufi kubwa: ZOTE KWA PAMOJA.