Pilipili kwenye Jiwe la Msiro

Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri wa kijinga namna ile. Nyumbani kwetu Palma kulikuwa na jiwe lisiloguswa na mtu ila mama: jiwe la msiro. Mama alisugua hapo kijiti cha mti wa msiro kwa maji mpaka kikatoa uji mweupe, akajipaka usoni, akapendeza. Mimi, msichana wa miaka kumi na moja mwenye akili zangu timamu, nikasagia pilipili juu yake. Maembe mabichi yalikwisha kukatwa na kinu nilikiona mbali. Mdogo wangu wa kiume, miaka saba, alishika chumvi. Nikalimwagia jiwe maji kidogo, nikaona yatosha.

Kesho yake mama akajiandaa kwenda harusini. Jirani, shoga yake wa kufa na kuzikana, alikuwa amemletea kijiti kipya kutoka kwao Pundanhar. Mama akasugua, akapaka. Mara yowe! Nikatoka, nikapigwa na butwaa: uso mweupe, macho mekundu yamevimba.

"Kumbe ananihusudu!" mama alilia. "Kijiti chake hiki kimetiwa kitu. Namrudishia sasa hivi, na asinijue tena!"

Akatoka mbio na kijiti chake. Nami niliyejua ukweli nikajificha nyuma ya pipa la maji. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mdogo wangu aliogopa kila kitu, na zaidi ya vyote dume la bata la jirani. Kwa sababu ya bata huyo alizunguka nyumba tatu kwenda shule. Basi nikamwona akikatiza ua ule ule wa jirani, kaptula inamvuka, bata nyuma yake.

"Mama, ni pilipili! Tumesaga pilipili, mimi na dada!"

Mtoto huyu! Kanitaja! Nilikasirika. Halafu nikaona bata anamdonoa mashavu ya miguu, naye hakimbii. Analia tu, amesimama mbele ya mama. Sikuamini macho yangu. Nikatoka nyuma ya pipa, nikaenda.

"Jiwe nililichukua mimi," nikasema. "Yeye alishika chumvi tu."

Jirani alikuwa mlangoni, hajui bado ameshtakiwa nini. Mama alikuwa amemnyooshea kijiti. Akaushusha mkono, akakifunga kijiti kwenye pindo la kapulana aliyojifunga kiunoni.

"Mwenzangu," akasema, macho kayafumba, "nipe maji ninawe."